Nundu Mbili Katika Darasa Moja: Mwanafunzi wa Kiswahili na Chati za Takwimu

Utangulizi

Katika vitivo vyetu vya sanaa imezoeleka dhana kwamba hesabu ni za wenzetu wa sayansi, nasi tumeachiwa maneno. Mwanafunzi wa Kiswahili anapoandika tasnifu, aghalabu hufika sura ya nne akiwa na mrundo wa hojaji. Hujumlisha, akagawanya, akapata wastani, akauweka katika jedwali na kusonga mbele. Jedwali likishapigwa mistari, takwimu zimekwisha, na kilichobaki ni mapendekezo. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo kazi yenyewe inapostahili kuanza. Nayaandika haya nikiwa mwanafunzi wa lugha ambaye chati moja, iliyochorwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi ya manila, ilimbadilishia namna ya kuwatazama wanafunzi, matini na hata mashairi.

Tuanze na maana. Mtawanyo wa data ni namna thamani tulizozikusanya zilivyojipanga: zimesongamana wapi, zimetapakaa wapi, zimeacha pengo wapi, na zipi zimejitenga pembeni peke yake. Wastani hausemi lolote kati ya hayo. Mwenye ng'ombe kumi na jirani yake asiye na hata mmoja, kwa wastani, wana ng'ombe watano kila mmoja. Lakini asubuhi ikifika, kibuyu cha maziwa kiko nyumba moja tu. Hesabu ya wastani ni sahihi kabisa, na mwenye njaa hajaonekana ndani yake.

Mfano mkubwa zaidi tunao nchini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Ukiwagawa kwa kaunti 47, unapata wastani wa watu milioni moja na ushei kwa kila kaunti. Hata hivyo, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, ilhali Lamu ilikuwa na 143,920. Kaunti 29 hazikufikia wastani huo. Kwa maneno mengine, kaunti nyingi ziko chini ya ile inayodhaniwa kuwa kaunti ya kawaida, kwa sababu chache zenye watu wengi mno zimeuvuta wastani kwenda juu. Atakayepanga vitabu, walimu au zahanati kwa kuutegemea wastani huo pekee atakuwa amezipangia kaunti ambazo hazipo.

Mikondo miwili, wastani mmoja

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu, nilipewa kufundisha Kiswahili Kidato cha Pili katika shule moja ya kutwa. Kidato hicho kilikuwa na mikondo miwili, Mashariki na Magharibi, kila mmoja ukiwa na wanafunzi arobaini. Baada ya mtihani wa kati ya muhula, alama za insha zilijumlishwa, na wastani wa kila mkondo ukawa 51. Katika mkutano wa idara ilisemwa kwamba mikondo yote ni sawa, na kwamba wachache waliopata alama za chini ni wavivu ambao wazazi wao wangeitwa. Hoja ya kuwatengea wanafunzi wowote vipindi vya ziada ilifungwa hapo. Kwani nani angetenga saa za ziada kwa mkondo ambao haujaachwa nyuma?

Jioni ile nilizipanga alama zote themanini katika makundi ya kumi kumi, nikahesabu ni wanafunzi wangapi wameangukia kila kundi. Matokeo yalikuwa hivi:

Mkondo wa Mashariki
20–29: xx
30–39: xxxxx
40–49: xxxxxxxxxx
50–59: xxxxxxxxxxxx
60–69: xxxxxxxx
70–79: xxx

Mkondo wa Magharibi
20–29: xxxxxx
30–39: xxxxxxxxx
40–49: xxx
50–59: xx
60–69: xxxxxxxxxxxxx
70–79: xxxxxxx

Msomaji na atulie kidogo atazame. Mkondo wa Mashariki una nundu moja katikati: wanafunzi 22 kati ya 40 wako baina ya alama 40 na 59, nao wanapungua taratibu kila upande. Huko, wastani wa 51 unamwakilisha mtu; ukiingia darasani utamkuta ameketi. Mkondo wa Magharibi una nundu mbili na bonde katikati. Wanafunzi 15 wako chini ya alama 40, wanafunzi 20 wana alama 60 na kuendelea, na ni watano tu walio katika lile eneo ambalo wastani unadai ndiko liliko darasa. Hesabu ya kugawanya ilikuwa imewajumlisha wanafunzi wa aina mbili, kisha ikatuletea mwanafunzi wa tatu ambaye ni nadra kumpata.

Chati haikuniambia ni kwa nini. Hilo ni jambo ambalo kila anayeitumia sharti alikumbuke: chati huonyesha mahali pa kuuliza, na jibu hutafutwa kwingine. Niliyarejelea madaftari ya wale kumi na watano, nikaona kwamba insha zao zilikatika kabla ya kufika ukurasa wa pili, na kwamba makosa yao ya upatanisho wa kisarufi yalifanana mno kuwa ya watu wavivu kila mtu kivyake. Nikauliza walikotoka. Ikabainika kwamba mwaka uliotangulia kulikuwa na mkondo wa tatu, ambao ulivunjwa baadaye na wanafunzi wake wengi kuhamishiwa Magharibi. Mkondo huo ulikuwa umekaa muhula mzima bila mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi kumi na mmoja kati ya wale kumi na watano walitoka huko.

Niliichora chati kwa ukubwa, nikaibandika ukutani katika mkutano uliofuata. Mwalimu mmoja mkongwe aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hapa tuna madarasa mawili yanayotumia mlango mmoja." Hakuna aliyetaja tena uvivu. Wanafunzi wale walitengewa vipindi viwili vya jioni kila juma. Nilipoondoka mwishoni mwa muhula, tulikuwa tumewatahini tena, na nundu ya kushoto ilikuwa imesogea kulia kiasi. Haikutoweka, na muhula mmoja wa mafunzo hauwezi kufidiwa kwa majuma saba. Lakini wazazi hawakuitwa kuja kuambiwa kwamba watoto wao ni wavivu, na kwangu hilo halikuwa jambo dogo.

Upana wa makundi na hila za mchoraji

Chati ya namna hii, inayozipanga thamani katika makundi yanayofuatana na kuinua nguzo juu ya kila kundi kulingana na idadi yake, huitwa histogramu. Jina hilo lilianzishwa na mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890. Isichanganywe na chati ya kawaida ya nguzo, ambayo ilichapishwa zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 1786, na Mskoti William Playfair. Chati ya nguzo hulinganisha vitu tofauti, kwa mfano idadi ya wazungumzaji wa lahaja mbalimbali, na nguzo zake zaweza kubadilishana nafasi bila maana kupotea. Nguzo za histogramu haziwezi kuhamishwa, kwa kuwa zimesimama juu ya mstari mmoja wa thamani, kutoka ndogo hadi kubwa, na kwa kawaida hugusana.

Uamuzi mgumu ni upana wa makundi. Tuzirudie alama zetu, safari hii tukiwagawa wanafunzi katika makundi mawili tu: chini ya 50, na 50 kwenda juu. Mashariki inakuwa na 17 chini na 23 juu. Magharibi inakuwa na 18 chini na 22 juu. Mabibi na mabwana, mikondo imekuwa sawa tena! Nundu mbili zimezikwa bila tarakimu yoyote kubadilishwa. Kwa upande mwingine, tungempa kila mwanafunzi nguzo yake kwa alama yake halisi, tungepata vijiti vifupi vilivyotapakaa, na umbo lisingeonekana. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu hujaribu upana kadha wa kadha, akaona ni umbo lipi linalodumu, na humweleza msomaji wake ni upana upi aliouchagua.

Fauka ya hayo, ziko njia nyingine za kuonyesha mtawanyo. Mmarekani John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliieneza chati ya sanduku. Hiyo huchora sanduku linalofunika nusu ya data iliyo katikati, mstari ndani yake kuonyesha thamani ya katikati kabisa, na mikono miwili inayonyooka kuelekea thamani za chini na za juu. Ni chati nzuri sana ya kulinganisha madarasa kumi kwa pamoja katika ukurasa mmoja. Lakini sanduku halina nundu: darasa letu la Magharibi lingechorwa kama sanduku refu tu, na bonde lake lisingeonekana. Nayo chati ya duara, ipendwayo mno katika tasnifu zetu, huonyesha mgao wa kitu kizima; umbo la alama za wanafunzi si kazi yake.

Urefu wa maneno na sauti ya mwandishi

Msomaji wa jarida hili huenda akasema: haya ni ya walimu, sisi wa fasihi na isimu yanatuhusu nini? Yanatuhusu tangu karne ya 19. Mwaka 1887, mwanafizikia Mmarekani Thomas Corwin Mendenhall alichapisha utafiti ambamo alihesabu urefu wa maneno katika maandishi ya Charles Dickens, William Thackeray na John Stuart Mill. Alihesabu maneno mangapi yana herufi moja, mangapi mbili, mangapi tatu, akachora mkondo wa kila mwandishi. Alidai kwamba umbo hilo ni kama alama ya mwandishi, ambayo yeye mwenyewe haioni anapoandika. Mwaka 1901 alirudi na swali kubwa zaidi: je, Francis Bacon ndiye aliyeandika tamthilia za Shakespeare? Chati zake zilionyesha kwamba katika Shakespeare maneno ya herufi nne ndiyo mengi kuliko yote, ilhali katika Bacon ni ya herufi tatu.

Watu wengi waliona kesi imekwisha. Lakini mwaka 1975 mtaalamu C. B. Williams alikumbusha kwamba Shakespeare alilinganishwa kwa maandishi yake ya kishairi, na Bacon kwa nathari. Tofauti iliyoonekana yaweza kuwa ya utanzu badala ya kuwa ya mtu. Funzo hilo ni letu pia: atakayelinganisha msamiati wa utenzi na wa riwaya, kisha akadai amegundua tofauti ya waandishi, atakuwa amepima vitu viwili kwa mizani moja.

Je, Kiswahili kingekuwa na umbo gani? Hebu tuchukue sentensi niliyoitunga mwenyewe: "Mwalimu wa Kiswahili aliwaambia wanafunzi wake ya kuwa ushairi ni mali ya wote wanaouthamini." Ina maneno 14 na jumla ya herufi 79, kwa hivyo wastani ni herufi 5.6 kwa neno. Maneno manne yana herufi mbili, manne yana herufi nne, mawili yana saba, mawili yana tisa, moja lina kumi na moja lina kumi na tatu. Hakuna hata neno moja lenye herufi tano au sita, mahali ambapo wastani umekaa!

Sentensi moja haitoshi kuthibitisha chochote kuhusu lugha nzima. Hata hivyo inaashiria jambo ambalo kila mwanasarufi wa Kiswahili analitambua. Tuna maneno mafupi ya kisarufi yanayojirudia, kama vile wa, ya, na, kwa na ni, halafu tuna vitenzi vinavyobeba nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa na mnyambuliko ndani ya neno moja. Neno wanaouthamini lina kazi ambayo lugha nyingine ingeigawia maneno manne au matano. Kutaja wastani wa urefu wa neno katika lugha ambishi bila kuonyesha mtawanyo wake ni kuificha sifa ileile inayoifanya iitwe ambishi. Huo ni uwanja wa utafiti ambao mwanafunzi yeyote mwenye matini, subira na karatasi ya miraba aweza kuuingia.

Ushairi nao una chati yake. Chukua shairi la kimapokeo lenye mizani nane katika kila kipande. Ukihesabu mizani za vipande vyote na kuchora histogramu, utapata nguzo moja tu, ndefu, iliyosimama juu ya nane. Chukua shairi huru, la aina iliyozusha mjadala mkali wakati Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, uhesabu mizani za mishororo yake, nguzo zitatapakaa. Mjadala ule wa arudhi ulikuwa pia, kwa namna fulani, mjadala wa mtawanyo: je, ushairi ni ile nguzo moja, au nguzo zaweza kutawanyika na bado sauti ikawa ya shairi? Chati haitaamua ni upi ushairi bora. Yaweza tu kutuzuia kusema kwamba shairi fulani halina mpangilio kabla hatujauhesabu mpangilio wake.

Hali kadhalika, anayetunga kamusi au kuchagua msamiati wa kufundishia wageni hukutana na mtawanyo wa aina nyingine kabisa, ule wenye mkia mrefu. George Kingsley Zipf, mwanaisimu Mmarekani aliyechapisha kazi zake maarufu miaka ya 1935 na 1949, alionyesha kwamba katika matini ndefu neno linaloongoza kwa kujirudia hutokea takriban mara mbili ya lile la pili, mara tatu ya lile la tatu, na kadhalika. Maneno machache hubeba sehemu kubwa ya matini, na maelfu ya maneno hutokea mara moja moja. Katika mtawanyo kama huo, idadi ya wastani ya kujirudia kwa neno haina maana yoyote ya kumfaa mtunga kamusi. Chati ya mkia, kinyume chake, humwonyesha wapi apite haraka na wapi atafute kwa tochi.

Istilahi tunazo

Wapo wanaoamini kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Msomaji ameshafika hapa, na naamini hajakwama. Maneno mtawanyo, wastani, nguzo na chati yamekwishazoeleka. Nundu, bonde na mkia nimeyachukua kutoka katika lugha ya kila siku, nayo hayahitaji kufafanuliwa, kwa sababu kila mtu amewahi kumwona ng'ombe au kupanda kilima. Katika Tanzania, watoto wengi wa shule za msingi za umma wamefundishwa hisabati kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Upungufu ulio kwetu Kenya ni wa matumizi: tunaandika tasnifu za Kiswahili, kisha tukifika penye tarakimu tunanyamaza au tunabandika chati yenye maelezo ya Kiingereza iliyotoka moja kwa moja katika kompyuta. Istilahi isiyotumiwa hufa ingali changa. Idara zetu zingewaomba watahiniwa waipe kila chati anwani, vipimo na maelezo kwa Kiswahili fasaha, kizazi kimoja tu cha wanafunzi kingetosha kuzikomaza istilahi hizi.

Hitimisho

Wenzangu wa chama, mwaka huu wengi wetu tutakusanya data: alama za wanafunzi, majibu ya hojaji, idadi ya maneno ya mkopo katika magazeti, mizani za tenzi. Nawasihi kwamba kabla ya kuandika wastani, tuchore mtawanyo, hata kwa alama za x pembeni mwa daftari. Tujiulize nundu ni ngapi. Tujiulize mkia umeelekea wapi, na nani ameketi mwishoni mwake. Tujaribu makundi mapana na membamba, tuone kinachodumu. Tukikuta bonde mahali ambapo wastani umekaa, tusiandike sentensi nyingine yoyote kabla ya kwenda kuuliza.

Nao wahadhiri wetu, wanaozisoma tasnifu hizi usiku kucha, nawaomba wasiridhike na jedwali. Watuulize: wale walio chini kabisa ni akina nani, na mmezungumza nao? Wanafunzi kumi na watano niliowafundisha walikuwa wakionekana kila siku darasani, sare zao zikiwa safi, majina yao yakiitwa asubuhi na jioni. Katika takwimu za idara, hata hivyo, hawakuwapo, mpaka walipopewa alama ya x kila mmoja.